Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Jembe Lisiwe Adhabu

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,



Pita kwenye shule zetu nyingi asubuhi, utawakuta waliochelewa namba wameinama na mafyekeo, mwalimu wa zamu kasimama na fimbo. Waliowahi wanachungulia dirishani. Wote wanaondoka na somo moja: kazi ya mikono ni ya mkosaji.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, hakukusudia hayo. Alitaka wanafunzi washiriki kupanga kazi za shamba la shule, hesabu zitunzwe, na matunda ya jasho lao wayaone. Kwingi limebaki jembe tu. Sasa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imetuletea mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya stadi za kazi. Amali itaheshimiwaje na mtoto aliyezoea kuona jembe likigawiwa pamoja na viboko?

Nina maombi matatu.

Kwanza, toa waraka: kufyeka, kulima na kuchota maji visiwe adhabu. Viwe zamu ya kila mmoja, walimu wakiwemo.

Pili, shamba la shule liendeshwe na kamati ya wanafunzi. Waamue wapande nini, waandike bei ya mbegu na mbolea, na mahindi yakiuzwa, mapato yasomwe mstarini mbele ya shule nzima. Wakichelewa kupanda mvua zikawapita, hasara hiyo itawafunza kuliko nasaha za mwaka mzima.

Tatu, kujitegemea kusiishie shambani: kila mwanafunzi alale kambini walau mara moja kabla ya kumaliza shule. Leo safari ya hifadhi ya Mikumi ni ya mwenye mzazi wa kulipa. Lakini walimu wa skauti wanajua kambi ni mahema, sufuria, sanduku la huduma ya kwanza na ridhaa ya wazazi. Morogoro wana Uluguru, Lushoto wana Usambara. Kwingine hata uwanja wa shule jirani unatosha. Kuni zikiwa zimeloa na wenzake wanasubiri uji, ndipo kiranja atakapojua kwamba uongozi si kuandika majina ya wapiga kelele.

Kambi na mashamba vitahitaji maandalizi na fedha, naelewa. Lakini waraka hauhitaji bajeti. Naomba waraka huo utoke kabla ya muhula ujao.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi, Morogoro