Kanisa la Mkunazini si la Watalii Peke Yao

Wapo watu wengi wa pwani yetu, tangu Mambrui hata Kilifi, ambao huenda Unguja kila mara, kwa harusi, kwa matanga au kwa biashara. Wakishuka bandarini, mtaa wa kwanza nao unaitwa Malindi, basi hujiona wamo nyumbani. Hupita Darajani mara kumi, lakini hawageuzi shingo kulitazama lile kanisa kubwa la Mkunazini lililo hatua chache tu kutoka hapo. Ukiwauliza, hukujibu kwamba hayo ni mambo ya wazungu na watalii. Mimi nasema sivyo.

Ile hoja ya Muislamu kuingia kanisani tuiweke kando mapema. Wanavyuoni wana maneno yao, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini sote tumesimuliwa chuoni kisa cha Sayyidna Umar alipofika Baytul Maqdis, akatembezwa katika kanisa kuu la Wakristo, na wakati wa sala ulipoingia akatoka akasali nje, ili Waislamu wa baadaye wasije wakalidai jengo lile. Aliingia, akatazama, akatoka na dini yake kamili.

Sasa jengo lenyewe. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, miezi michache tu baada ya Sayyid Barghash kutia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa lililokuwa mahali pale pale. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kihindi, Jairam Senji, na saa ya mnarani husemwa kuwa ni hidaya ya Sayyid Barghash mwenyewe. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere, yule yule aliyekusanya ngano za Kiswahili na kuzipiga chapa mwaka 1870. Kazi ilikwenda mwaka baada ya mwaka, kuta zikiwa zimesimama na juu hamna kitu.

Sababu ya kukawia ni dari, na hapa ndipo ninapotaka msomaji atue kidogo. Nyumba zetu za mawe zote, za Lamu, za Malindi, hata magofu ya Gedi, zina vyumba virefu lakini vyembamba. Si kwamba wazee walipenda kubanana. Dari yao ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake; upana wa chumba ukauzidi, dari inakuja chini. Ndiyo maana msikiti mkuu wa Gedi umejaa nguzo. Steere hakutumia boriti. Alifanya tao moja refu, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati, kwa mawe ya matumbawe na saruji, kutoka ukuta hadi ukuta bila ya nguzo ya kati. Inasimuliwa kwamba wenyeji wengi waliapa kwamba mbao za kushikilia zikiondolewa tu, lote litawaangukia waumini vichwani. Halikuanguka. Lipo mpaka leo, ilhali Beit al-Ajaib, jengo la fahari la mwaka 1883 lenye nguzo za chuma, lilibomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020.

Wala tao si ujuzi mgeni kwa pwani hii. Msikiti mkuu wa Kilwa ulikuwa na matao na makuba ya matumbawe karne nyingi kabla ya Steere kuzaliwa. Mikono iliyochonga mawe ya Mkunazini ilikuwa ya watu wa hapa hapa, na miongoni mwao walikuwamo waliokombolewa utumwani. (Waongozaji wa wageni hupenda kuonyesha nguzo fulani zilizosimamishwa juu chini, eti mafundi walizikosea Askofu alipokuwa safarini. Wageni hucheka sana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nguzo zimebeba mzigo wake.) Pia husema Sayyid Barghash aliamuru mnara usipite urefu wa Beit al-Ajaib. Hadithi tamu, ila Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu, na Beit al-Ajaib ilikuwa bado.

Lakini vioo ndivyo vilivyonifanya niandike. Vioo vya rangi, jua likipiga, humwaga wekundu na buluu juu ya sakafu, na mtu husahau joto la nje. Kimoja ni ukumbusho wa Livingstone. Kingine ni cha mabaharia Waingereza waliokufa wakiyafukuza majahazi ya watumwa. Nilivitazama sana, nikawatafuta waliouzwa. Vioo vinawakumbuka waokozi. Waliouzwa wako nje uani, ndani ya shimo: masanamu matano, minyororo ya kweli shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Hata hao wamekumbukwa na mgeni.

Na sisi wa Malindi hatuwezi kusema kwamba hilo ni la Unguja. Mji wetu ulipofufuka karne ya 19, chini ya utawala wa Masayyid, ulifufuka kwa mtama na ufuta uliopakiwa majahazini kwenda Arabuni, na waliolima mashamba hayo, ya Malindi na ya Mambrui, walikuwa watumwa. Njia ya bahari ilipofungwa 1873, watu walipitishwa nchi kavu kwa miguu kuja kaskazini, hata Barghash akalazimika kuipiga marufuku njia hiyo nayo mwaka 1876. Waliotoroka walijenga vijiji vyao porini, kama Fuladoyo, nyuma ya Kilifi. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani yetu hadi 1907. Hapo si zamani za Nabii Nuhu. Ni zamani za babu wa babu zetu.

Tumezoea kulinyamazia jambo hili, ama kwa aibu, ama kwa kuogopa kuulizana nani alikuwa mwana wa nani. Adabu hiyo naifahamu. Lakini kunyamaza kwetu ndiko kulikowaachia waongozaji wa watalii waieleze habari yetu kwa nusu saa, kwa Kiingereza, mbele ya watu wasiotujua. Bado wapo wazee, Malindi na Mambrui, waliosimuliwa na bibi zao majina ya mashamba na ya watu walioyalima. Mwenye mzee wa namna hiyo nyumbani amkalie karibu mwezi huu, na kalamu mkononi, ayaandike majina hayo.