Ufagio wa Wasafisha Maneno

Kuna rai inayopata wafuasi miongoni mwa baadhi ya wasemaji wa Kiingereza, kwamba mtu asiyeamini Mungu hana budi kuisafisha lugha yake ya kila siku. Asiseme "thank God", aseme "thank goodness". Asimtakie jirani Krismasi njema, amtakie "happy holidays". Asihesabu miaka kabla na baada ya Kristo, ahesabu kabla na baada ya kuanza kwa "Zama za Kawaida". Rai hii hujivika joho la akili na uhuru. Ikikaguliwa kwa makini, hata hivyo, huonekana kuwa imesimama juu ya dhana mbovu kuhusu lugha. Na inapoingia katika uhakiki na tafsiri ya fasihi, madhara yake si madogo.

Mifano hiyo yenyewe yatosha kuisuta. "Goodness" katika kauli hiyo si wema wowote ule. Ni jina la Mungu lililofunikwa shela. "Holiday" ni "holy day", yaani siku takatifu, maneno mawili yaliyoungana. Nazo hizo Zama za Kawaida huanzia mwaka ule ule ambao mtawa Dionysius Exiguus, katika karne ya 6, aliukadiria kwa kumhesabia Yesu. Ufagio umepita, vumbi limehamia pembe nyingine ya chumba.

La ajabu zaidi ni kwamba waliotangulia kuushika ufagio huu hawakuwa makafiri. Maneno kama "gosh" na "golly" yalizuka miongoni mwa watu walioogopa kulitaja bure jina la Mungu. Waquaker wa karne ya 17 waliyakataa majina ya siku za juma kwa kuwa "Wednesday" imembeba Woden na "Thursday" imembeba Thor, miungu ya kale. Wakahesabu Siku ya Kwanza, ya Pili na kuendelea. Wao waliifukuza miungu kwa ajili ya Mungu. Anayedhani kwamba kufagia maneno ni kazi ya usekula hajui kwamba amerithi ufagio wa wachamungu.

Fasihi imekwisha kulipia gharama ya usafi wa namna hii. Mnamo 1606 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutoza faini ya pauni 10 kwa yeyote atakayelitaja jukwaani, kwa mzaha au kwa kufuru, jina la Mungu, la Kristo, la Roho Mtakatifu au la Utatu. Katika chapa ya Othello ya 1622, Iago anaanza usemi wake wa kwanza kwa "'Sblood", kiapo cha damu ya Mungu. Katika chapa ya 1623 kiapo hicho hakimo, na "zounds", kiapo cha majeraha ya Mungu, nacho kimeondolewa. Wahakiki wengi huihusisha tofauti hii na sheria hiyo. Iago ni askari anayeapa kwa vitu vitakatifu ilhali hakuna analolitukuza. Kiapo chake humfichua kabla hata njama zake hazijaanza. Kikiondolewa, sentensi hubaki salama, bali mhusika hupungua.

Si kwamba malalamiko ya wasioamini hayana msingi popote. Charles Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, akazuiwa kuketi Bungeni kwa mzozo wa kiapo hadi 1886. Sheria ya 1888 ndiyo iliyowapa wenzake haki ya kuthibitisha bila kumtaja Mungu. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inatoa nafasi hiyo kwa wanaoshika nyadhifa. Lakini kiapo cha aina hiyo kilikuwa na nguvu za kisheria: kilimlazimisha mtu kukiri asichokiamini. "Goodbye", ambayo asili yake ni dua ya kuwaombea watu Mungu awe nao, haimlazimishi mtu kukiri lolote. Kuyachanganya mambo haya mawili ni kuchanganya asili ya neno na kazi yake.

Msomi wa Kiswahili angepaswa kuwa wa kwanza kuliona hili. Mkristo na asiye na dini wote husema Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Hakuna aliyesilimu kwa kuitaja. Kwa hiyo mfasiri wa "goodbye" na aandike "kwaheri" bila wasiwasi. Lakini anayefasiri "'Sblood" kwa "kwa kweli" amelirudia kosa la 1606. Vivyo hivyo mhariri anayemfutia mhusika kijana wa Mombasa "wallahi" yake, eti riwaya isiegemee dini yoyote. "Kwa kweli" huthibitisha habari. "Wallahi" humweka msemaji mwenyewe rehani, na akiwa mwongo, msomaji hujua ameongopa juu ya nini.

Swali la mhakiki, basi, si neno lilizaliwa katika hekalu gani. Ni neno hilo linafanya nini kinywani mwa anayelisema, nani analazimishwa nalo, na nini kitapotea likiondolewa. Palipo na kulazimishwa, sheria na itafute neno jingine, kama ilivyofanya 1888. Pasipo na kulazimishwa, mhakiki anayefagia huwa anafuta ushahidi aliopewa ausome.