Yoga au Pilatesi: Mama Aanze na Lipi?



Mapema mwaka huu, baada ya kikao cha akina mama kanisani, mama mmoja alitusubiri hadi wenzake wote walipokwisha kuondoka. Swali lake lilionekana dogo. “Dada, jirani yangu ananivuta twende yoga, na wifi yangu anasifia pilatesi. Mimi sijafanya mazoezi tangu nimalize shule. Nianze na lipi?”

Tulimwuliza kwa nini ameamua kuanza sasa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu amzae mtoto wake wa nne, akikohoa au akicheka mkojo humponyoka, na mgongo humwuma kila anapoinama kufua. Alikuwa ameacha hata kuimba kwaya. Mumewe hakujua lolote.

Ametupa ruhusa tuisimulie habari yake bila kumtaja jina, kwa kuwa tunafahamu kwamba wasomaji wetu wengi wana swali kama lake, na wengi pia wana siri kama yake.

Yametoka wapi?

Yoga ilianzia India maelfu ya miaka iliyopita. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na shina lake lina maana ya kuunganisha, kama ng'ombe wanavyofungwa nira. Tangu zamani ilikuwa njia ya kiroho yenye nidhamu ya mwili, pumzi na tafakuri, na kwa Wahindu wengi imebaki hivyo hadi leo. Mikao inayofundishwa madarasani ilienezwa sana katika karne ya 20 na walimu kama Krishnamacharya, aliyefundisha Mysore miaka ya 1930, na mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar, ambaye kitabu chake cha mwaka 1966 kiliifikisha yoga katika nchi nyingi.

Kuhusu pilatesi, mama mmoja alituuliza kama ina undugu na Pontio Pilato! La hasha. Jina hilo ni la Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883 na aliyekuwa dhaifu wa afya utotoni. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ya uraia wake, na huko kambini aliendelea kuyaboresha mazoezi yake. Katika miaka ya 1920 alihamia New York, ambako yeye na mkewe Clara walifungua chumba cha mazoezi kilichopendwa sana na wacheza dansi. Alifariki mwaka 1967.

Tofauti yake ni nini?

Katika yoga unaingia katika mkao, unatulia humo kwa pumzi kadhaa, kisha unahamia mwingine. Viungo vinanyooka, na mara nyingi darasa humalizika kwa kulala chali kimya. Katika pilatesi unarudia mwendo mdogo mara chache kwa uangalifu mkubwa, huku umekaza misuli ya katikati ya mwili, yaani tumbo la ndani, mgongo na nyonga. Zipo mashine za pilatesi zenye springi, lakini anayeanza hazihitaji. Mkeka na kanga iliyokunjwa vinatosha kwa mazoezi yote mawili.

Je, lipi lina nguvu zaidi? Mwaka 2015 watafiti waliokusanya majaribio kuhusu pilatesi na maumivu ya kiuno waliona kwamba inasaidia kuliko kukaa bila mazoezi, ila hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba inashinda mazoezi mengine. Uchambuzi kama huo kuhusu yoga, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha nafuu kiasi kwa wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, wakilinganishwa na wasiofanya mazoezi. Hivyo, mpendwa, zoezi litakalokufaa ni lile utakaloendelea nalo hata baada ya hamu ya mwanzo kupoa.

Na dhamiri je?

Wengi hutuuliza kama Mkristo anaruhusiwa kufanya yoga. Tuseme ukweli: yoga ina mizizi katika ibada ya watu wengine, na si haki kwao wala kwetu kujifanya haina. Yako madarasa yenye nyimbo za sifa na maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, na yako mengine ambayo hufundisha kunyoosha viungo na kupumua tu. Muulize mwalimu kabla ya kulipa. Kama moyo wako hautulii, usijilazimishe. Pilatesi au kunyoosha viungo nyumbani kutakupa faida iyo hiyo ya mwili, na hutakuwa umepoteza kitu. Na kama dada yako katika imani anahudhuria darasa la kunyoosha viungo kwa dhamiri safi, usimhukumu.

Chagua kwa kuusikiliza mwili wako

Kama shida yako ni mgongo, tumbo lililolegea baada ya uzazi, au misuli ya nyonga iliyochoka, tunakushauri uanze na pilatesi nyepesi. Kama mabega yamekaza, usingizi ni haba na mawazo ni mengi, yoga ya taratibu au kunyoosha viungo kwa pumzi ndefu kutakufaa zaidi.

Hapa tuna jambo la kuungama. Miaka ya mwanzo ya kazi yetu tuliwahi kuwaambia akina mama waliojifungua wafanye zoezi la kulala chali na kuinuka kwa nguvu ili tumbo lirudi. Tulikosea. Baada ya ujauzito, misuli miwili ya mbele ya tumbo huweza kuachana, na zoezi hilo likifanywa mapema laweza kuzidisha shida. Jipime hivi: lala chali, kunja magoti, weka vidole juu kidogo ya kitovu, kisha inua kichwa tu. Ukihisi pengo la vidole viwili au zaidi, au tumbo likichongoka katikati, acha kwanza mazoezi ya kuinuka. Mwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini.

Kwa anayevujwa na mkojo

Ndugu zangu, tatizo hili ni la kawaida, nalo lina msaada. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel wa Marekani alieleza zoezi ambalo hadi leo ndilo tunaloanza nalo. Kaza misuli ya chini kana kwamba unazuia upepo na mkojo kwa pamoja. Hesabu hadi 5 huku ukipumua, kisha legeza kabisa. Rudia mara 8, na ufanye hivyo mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Usikaze tumbo wala matako, wala usizoee kulifanya huku ukikojoa. Darasa la yoga au la pilatesi lisichukue nafasi ya zoezi hili.

Robo saa ya kuanzia

1. Lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta pumzi hadi mbavu zitanuke, toa taratibu. Mara 5.
2. Ukitoa pumzi, bana kiuno kiguse mkeka, kisha legeza. Mara 8.
3. Inua matako polepole, tulia kidogo, shuka polepole. Mara 8.
4. Piga magoti na mikono chini. Inua mgongo kama paka aliyeshtuka, kisha uushushe kidogo. Mara 6.
5. Katika hali hiyo hiyo, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha ubadilishe. Mara 5 kila upande.
6. Kalia visigino, inama mbele, upumzike kwa pumzi 5.

Mazoezi haya utayakuta, kwa namna moja au nyingine, katika yoga na pilatesi pia. Yafanye mara 3 kwa juma. Usiache kutembea, maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila juma, pamoja na siku 2 au zaidi za kuimarisha misuli.

Tahadhari

Uliyejifungua karibuni, subiri uchunguzi wa majuma 6, na kama ulipasuliwa huenda ukahitaji kusubiri zaidi. Mjamzito asilale chali kwa muda mrefu baada ya miezi mitatu ya kwanza, wala asiingie darasa la yoga la chumba chenye joto kali. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa au presha ya macho asifanye mikao ya kichwa chini. Mwenye mifupa dhaifu aepuke kukunja mgongo mbele kwa nguvu, katika yoga na katika pilatesi pia.

Usianze mazoezi kabla ya kwenda hospitali ikiwa mkojo unachoma au una damu, ikiwa unahisi kitu kinashuka ukeni, au ikiwa mkojo unatoka mfululizo tangu uzazi mgumu. Hiyo ya mwisho huenda ni fistula, na hutibiwa kwa upasuaji. Mgongo ukiuma pamoja na ganzi sehemu za siri au mguu kukosa nguvu, nenda siku hiyo hiyo.

Mama yule aliamua kuanza na pilatesi. Kwanza tulimpeleka akapimwe, kisha akaanza robo saa yake jioni, mlango umefungwa. Juma la pili mumewe aliuliza anafanya nini humo chumbani, naye akamweleza yote. Siku hizi ndoo za maji ya kufulia anazibeba mume. Mkojo bado humponyoka mara moja moja, lakini amerudi kwaya. Amechagua kusimama mwisho wa mstari, karibu na mlango, na tangu arudi hajalazimika kuutumia.

Mpendwa, kabla ya kuuliza ni darasa gani, mwambie mtu mmoja unayemwamini kile kinachokusumbua. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.