Rangi ya kijani peke yake haizuii mchwa

Mkulima wa Ushongo, wilayani Pangani, anayetaka kuzungushia shamba lake uzio ana maadui wawili: mchwa na unyevu. Boriti za mikoko si jibu, kwa kuwa misitu hiyo ni hifadhi. Ndiyo maana wengi hununua nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa ya shaba, ingawa bei yake iko juu.

Tatizo ni kwamba wanunuzi hupima ubora kwa rangi ya kijani. Rangi hiyo haionyeshi kama dawa imeingia ndani na kushika.

Dawa iliyozoeleka ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, uliobuniwa na Sonti Kamesan nchini India mwaka 1933. Nguzo kavu huwekwa kwenye tangi la chuma na dawa husukumwa ndani kwa shinikizo. Baada ya hapo kromiamu hubadilika kikemikali na kusaidia shaba kujifunga kwenye mbao, hasa kwenye lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti. Ikishajifunga, mvua haiiondoi kirahisi. Joto huharakisha kazi hiyo, lakini bado inahitaji siku kadhaa. Nguzo ikinyeshewa mapema, dawa huenda na maji.

Tuchukue mfano. Nguzo isiyo na dawa ikiuzwa Sh 5,000 na kuoza baada ya miaka miwili, gharama yake ni Sh 2,500 kwa mwaka. Yenye dawa iliyoshika, ikiuzwa Sh 15,000 na kudumu miaka 15, ni Sh 1,000 tu. Lakini ile ya kijani ambayo dawa haikushika, ikinunuliwa kwa Sh 15,000 na kuoza baada ya miaka mitatu, ni Sh 5,000 kwa mwaka. Aliyedanganywa na rangi hupata hasara kuliko asiyenunua dawa kabisa.

Kwa hiyo kila nguzo iuzwe ikiwa na alama ya kiwanda na tarehe ya kutiwa dawa, na mfanyabiashara asiye na alama hizo asilipwe bei ya nguzo yenye dawa. Mkulima naye asikate upande unaozikwa, maana kiini hakinywi dawa vizuri. Vipande visiwe kuni, kwani moshi na majivu yake yana aseniki, ambayo ni sumu.