Intaneti Hafifu Nyumbani: Kupima Kuje Kabla ya Kununua

Katika miji ya Afrika Mashariki, intaneti imekwisha kuwa sehemu ya maisha ya nyumba nyingi kama yalivyo maji ya bomba na umeme. Mwanafunzi huitumia kudurusu masomo yake, mwalimu hutafuta humo mitihani ya miaka iliyopita, na mzazi hupokea habari za jamaa walio mbali. Kwa hiyo chumba kimoja kinapokosa mawimbi, kinachopotea si starehe tu. Mtoto anayelazimika kusomea sebuleni, katikati ya kelele za televisheni, kwa kuwa chumbani mwake mtandao haushiki, amepungukiwa na kitu cha maana.

Penye shida hapakosi mwuzaji. Siku hizi vinauzwa madukani vifaa vya mfumo uitwao meshi, maana yake wavu. Navyo ni vituo viwili, vitatu au zaidi vinavyowekwa mahali mbalimbali nyumbani, vikapokezana mawimbi ya waifai hata nyumba nzima ikawa na mtandao mmoja wenye jina moja. Aghalabu bei ya seti moja huzidi sana bei ya ruta ya kawaida, na mnunuzi huahidiwa kwamba udhaifu wa intaneti nyumbani mwake utakwisha. Ahadi hiyo ni ya kweli katika baadhi ya nyumba, na katika nyingine si ya kweli. Tofauti baina ya nyumba hizo haijulikani kwa kusoma maandishi ya kwenye kasha. Hujulikana kwa kupima. Ndiyo maana uamuzi wa kununua au kutonunua ni swali la sayansi kabla ya kuwa swali la fedha, na ni swali ambalo mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kulijibu.

Njia mbili zilizofungamana

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba intaneti huifikia simu kwa njia moja tu. Kwa hakika ziko njia mbili zilizofungamana. Njia ya kwanza hutoka katika ulimwengu wa nje hadi kwenye ruta, kupitia mkongo wa baharini, nyaya za nyuzi za kioo au mnara wa simu. Njia ya pili ni ya mita chache tu, kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, na huenda kwa mawimbi ya redio. Meshi hutengeneza njia ya pili peke yake. Juu ya njia ya kwanza haina uwezo wowote. Mwenye kisima chenye maji kidogo hawezi kuyaongeza kwa kununua mabomba mengi. Atakachopata ni uhaba uliogawanywa vizuri.

Hapa ndipo alama za waifai zinazoonekana katika uso wa simu zinapowapotosha watu wengi. Alama hizo huonyesha nguvu ya njia ya pili tu. Nyumba yaweza kuwa na alama kamili katika kila chumba, huku ukurasa mmoja ukichukua dakika nzima kufunguka. Jambo hilo lilidhihirika tarehe 12 Mei 2024, wakati mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu upande wa kusini, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na katika nchi nyingine za eneo hili. Ruta za majumbani ziliendelea kutoa mawimbi kama kawaida, na alama za simu zilikuwa kamili. Hakuna wavu wa bei yoyote ile ambao ungeweza kuisaidia familia siku hiyo.

Sababu za chumba cha nyuma kukosa mawimbi

Njia ya pili nayo ina sheria zake, na sheria hizo zimo katika vitabu vya fizikia vya sekondari. Waifai hutumia zaidi mawimbi ya gigahezi 2.4, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, na yale ya gigahezi 5, yenye urefu wa sentimita 6 hivi. Mahali pa wazi, nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Anayesogea kutoka mita 2 hadi mita 8 ameuzidisha umbali mara nne, na nguvu aipokeayo imeshuka hadi sehemu moja ya kumi na sita.

Lakini ndani ya nyumba adui mkubwa kuliko umbali ni ukuta. Kila ukuta hupitisha sehemu tu ya nguvu iliyoufikia, na upungufu huo huzidishwa, haujumlishwi. Ikiwa ukuta mmoja hupitisha sehemu moja ya kumi, kuta mbili hupitisha sehemu moja ya mia, na tatu sehemu moja ya elfu. Mbao na jasi huzuia kidogo. Matofali na saruji huzuia zaidi. Zege lenye nondo huzuia zaidi tena. Na bati huyarudisha mawimbi yalikotoka. Kwa jumla mawimbi ya gigahezi 5 hubeba habari nyingi zaidi kuliko yale ya gigahezi 2.4, lakini hushindwa upesi zaidi na kuta.

Nyumba za kale za Lamu na za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mfano mzuri. Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi. Tena, kwa kuwa dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko, ambazo urefu wake una kikomo, vyumba vilijengwa vyembamba na virefu. Mawimbi yanayokwenda mita kumi tu kukata nyumba hiyo huweza kukutana na kuta nene tatu. Nyumba ya namna hiyo na nyumba ya vyumba viwili yenye kuta nyepesi haziwezi kupewa dawa moja.

Jaribio la nyumba mbili

Chukuliwe mfano wa nyumba mbili, kila moja ikiwa na malalamiko yaleyale kwamba intaneti ya chumba cha nyuma ni mbovu. Katika nyumba ya kwanza, simu ikiwa mita mbili kutoka kwenye ruta hupata megabiti 19 kwa sekunde, na chumbani nyuma hupata 2. Katika nyumba ya pili, simu karibu na ruta hupata megabiti 3, na chumbani nyuma hupata 2. Vyumba vya nyuma vina kipimo kimoja, lakini magonjwa ni mawili. Nyumba ya kwanza ina njia nzuri kutoka nje, ila kuta zake zinaimeza. Nyumba ya pili ina njia dhaifu kutoka nje, na wavu wa vituo kumi hautaipatia chumba chochote zaidi ya zile megabiti 3. Fedha za nyumba ya pili zingetumika vema zaidi katika kubadili huduma, kifurushi au mahali pa kupokelea mawimbi ya mnara.

Jaribio hili halihitaji maabara. Mwanafunzi achore ramani ya nyumba katika karatasi ya grafu, achague mahali patano, na kila mahali apime mara tatu na kutafuta wastani. Apime asubuhi, alasiri na saa mbili usiku, kwa maana njia ya nje huweza kusongamana watumiaji wanapokuwa wengi. Yafaa akumbuke pia kwamba kipimo kimoja cha kasi huweza kula makumi ya megabaiti. Mwenye kifurushi kidogo apime kasi mahali pawili tu, karibu na ruta na katika chumba chenye shida. Kwingineko asome nguvu ya mawimbi kwa desibeli, kipimo ambacho programu za bure huonyesha bila kutumia kifurushi.

Dawa zisizo na gharama kubwa

Ikibainika kwamba ugonjwa umo katika njia ya pili, bado meshi si dawa ya kwanza. Dawa ya kwanza ni kuihamisha ruta. Ruta nyingi hukaa pale fundi alipoona ni rahisi kupitisha waya: pembeni mwa nyumba, nyuma ya televisheni, au chini sakafuni karibu na jokofu. Kuipandisha juu na kuisogeza katikati ya nyumba, mbali na vyombo vya chuma, huweza kuondoa ukuta mmoja katika safari ya mawimbi, na athari ya kuondoa ukuta mmoja imekwisha kuelezwa.

Dawa ya pili ni waya. Waya wa mtandao uliopitishwa ukingoni mwa dari hadi kituo cha pili cha waifai huvuka kuta zote bila kupoteza kasi inayohitajiwa nyumbani. Tofauti yake na meshi isiyo na waya yapasa kueleweka vema. Kituo cha meshi kinachopokea na kupeleka kwa redio ileile hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kasi hupungua kwa nusu hivi katika kila hatua. Kama kituo hupokea megabiti 40 na njia ya nje ina megabiti 10, nusu ya 40 yatosha, na hakuna atakayehisi upungufu. Lakini kama kituo kimewekwa ndani ya chumba chenyewe kisicho na mawimbi, kikapokea megabiti 12 tu, mtumiaji atabaki na 6. Ndiyo sababu mahali pa kituo ni katikati ya safari, pale ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu. Vipo vituo vyenye redio ya ziada kwa ajili ya mazungumzo ya vituo vyenyewe; hivyo hupunguza hasara hii, lakini bei yake ni kubwa zaidi.

Mahali meshi inapofaa

Haitakuwa haki kuihukumu meshi kana kwamba haina kazi. Katika nyumba ya ghorofa yenye sakafu ya zege na nondo, katika nyumba ya kupanga ambamo mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe, na katika majengo ya kale ambayo hayapaswi kuharibiwa, meshi huweza kuwa jibu bora kuliko yote. Hali kadhalika, ziko familia zinazopata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu. Ruta hiyo hutaka kukaa dirishani, ikiuelekea mnara, hasa nyumba inapoezekwa kwa mabati. Lakini waifai yake hutaka kukaa katikati ya nyumba. Kituo cha pili hupatanisha mahitaji hayo mawili. Tena, kuongeza nguvu ya ruta moja si badala ya vituo, kwa sababu mazungumzo ni ya pande mbili: ruta yenye sauti kubwa yaweza kusikika mbali, lakini simu ndogo haitaweza kuijibu.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kawaida hana muda wa kupima, na kwamba kazi hiyo waachiwe wataalamu. Hoja hii yasikika kuwa ya busara, lakini athari yake ni kumwacha mnunuzi mikononi mwa mwuzaji, ambaye faida yake imo katika kuuza. Chombo cha kupimia tayari kimo mfukoni mwa mzazi, na maarifa ya kukitumia yamo katika somo la mawimbi linalofundishwa darasani. Kinachokosekana ni daraja kati ya hivyo viwili, na daraja hilo laweza kujengwa na mwalimu wa fizikia. Akiwapa wanafunzi wake kazi ya kupima mawimbi ya nyumba zao, watajifunza kwa mkono maana ya wastani, ya grafu na ya kutenganisha sababu mbili zinazoleta dalili moja.

Faida ya kazi hiyo haitaishia kwenye waifai. Kijana aliyezoea kuuliza ugonjwa uko wapi kabla ya kununua dawa atauliza vivyo hivyo atakapouziwa pampu ya maji, betri ya umeme wa jua au mbegu mpya. Taifa linalopokea vifaa bila kuvipima litabaki kuwa soko la maarifa ya wengine. Lenye raia wanaopima hununua kidogo, hununua vema, na siku moja hutengeneza vya kwake.