Ushuru Unaotangulia Mauzo: Swali la Mama wa Gulioni Tarime na Serengeti

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nyumbani mkoani Mara. Kila ninapopata likizo ya chuo hujitahidi kwenda gulioni, kwa sababu gulio hunifundisha siasa ya nchi hii kuliko semina nyingi ninazohudhuria. Safari hii nilikwenda katika gulio moja lililo kati ya Tarime na Mugumu. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nililoliona huko lingeweza kuonekana kwingineko pia. Nilifika saa moja na nusu asubuhi. Akina mama walikuwa bado wanatandaza maturubai, bodaboda wakishusha magunia, na mkusanya ushuru alikwisha kuwasili, kimashine chake mkononi.

Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa na mikungu mitatu ya ndizi, alimwomba asubiri kidogo. "Mwanangu, sijauza hata mmoja. Pita baadaye."

Kijana akamjibu kwa adabu, "Mama, nikipita baadaye utakuwa umeondoka. Na mimi jioni ninadaiwa hesabu."

Mama akafungua fundo la kanga kiunoni, akahesabu sarafu, akalipa shilingi 500. Akapewa risiti, akaikunja na kuisukumia chini ya turubai. Kijana alipokwisha kupita nilimwuliza mama kama anajua fedha ile inakwenda wapi. Akanitazama kwa muda.

"Mwalimu," akasema, "mimi najua inakotoka. Inakokwenda waulizeni ninyi mliosoma."

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu.

Ndugu msomaji, naomba tuanze kwa kuondoa dhana moja potofu. Ipo kauli inayopendwa na baadhi ya watendaji kwamba wananchi wa maeneo haya ni wabishi, hawapendi kulipa. Katika mazungumzo yangu na wafanyabiashara wadogo, wakulima na waendesha bodaboda, sikukutana na mtu aliyesema ushuru ufutwe wote. Niliyoyasikia ni mengine. Tunalipa ushuru wa soko, lakini mvua ikinyesha tunauza tukiwa tumesimama kwenye tope. Tunalipa ya taka, lakini jaa halizolewi mpaka inzi watuhame wenyewe. Tunalipa tena kuingia chooni, na choo hakina maji. Tunatoa risiti kizuizi cha kwanza, kizuizi cha pili tunaambiwa si yenyewe. Haya ni malalamiko ya watu waliokwisha kulipa, wanaodai walichokinunua.

Sasa tuitazame sheria. Ibara ya 138 ya Katiba yetu haimruhusu mtu yeyote kutoza kodi isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Ibara ya 146 inaeleza kuwa madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kati ya ibara hizo mbili ipo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, inayozipa halmashauri vyanzo vyake vya mapato: ushuru wa huduma, ushuru wa mazao, ada za leseni, ushuru wa masoko na minada, na vinginevyo. Kwa hiyo shilingi 500 ya mama yule si dhuluma kwa asili yake. Ina mzizi wa kisheria.

Lakini sheria hiyo hiyo ina mlipaji mwingine. Kampuni inayofanya biashara ndani ya halmashauri hulipa ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi kikomo chake kilikuwa asilimia 0.3 ya mauzo yake, baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Wilayani Tarime mlipaji mkubwa wa aina hiyo anajulikana na kila mtu: mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na ambao tangu mwaka 2019 umo mikononi mwa Barrick, Serikali ikiwa na hisa za asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga. Mgodi huo haukadiriwi ushuru kabla haujauza dhahabu. Huuza kwanza, hufunga hesabu, ndipo asilimia ikapigwa.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Mama yule aliniambia kwamba mkungu mmoja huuza shilingi 8,000. Akiuza yote mitatu atapata shilingi 24,000. Kama angetozwa kwa kipimo hicho cha kampuni cha asilimia 0.3, angedaiwa shilingi 72. Yeye hulipa 500, ambayo ni zaidi ya asilimia mbili ya mauzo yake. Akiuza mkungu mmoja tu, 500 ile inakuwa zaidi ya asilimia sita. Asipouza kitu, akarudi na ndizi zake zimeiva kichwani, amelipa kutoka kwenye mtaji.

Najua mwanauchumi atanikosoa, na ana haki. Kampuni ya madini hulipa pia mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi, kodi ya mapato ikipata faida, na kutakiwa na sheria kuchangia miradi ya jamii. Ulinganisho wangu si wa mizigo yote ya pande mbili. Ni wa jambo moja tu: kanuni ya utozaji. Mkubwa hutozwa kwa alichouza, mdogo hutozwa kwa kuwepo. Tena mkubwa aliwahi kuketi mezani na Serikali wakakubaliana kikomo. Baadhi ya mikataba ya madini ya miaka ya 1990 iliweka kwamba kodi za halmashauri zisizidi dola 200,000 kwa mwaka. Mama wa ndizi hajawahi kuitwa kwenye meza ya namna hiyo. Meza yake ni turubai, na aliyekuja kujadiliana naye ni kijana mwenye kimashine na deni la jioni.

Twende upande wa Serengeti, ambako kero ina sura nyingine. Huko mkulima anaishi jirani na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, pamoja na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti. Tembo wakiingia shambani usiku, msimu mzima unaweza kwisha kabla ya alfajiri. Kanuni za mwaka 2011 zinampa mkulima huyo kifuta jasho, na familia ya aliyeuawa kifuta machozi. Maneno haya yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Na kuchelewa kwa malipo hayo ni hoja iliyosikika bungeni mara nyingi. Lakini mkulima huyo huyo akiokoa magunia yake machache na kuyapakia, kizuizi cha mazao hakichelewi. Mkono wa kupokea uko barabarani usiku na mchana. Mkono wa kutoa unasubiri fomu, tathmini na fungu.

Hapa pana jambo ambalo wananchi wengi hawalijui, na kutolijua kunawagharimu. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Ikaelekeza pia kwamba anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Mwananchi anayetoa magunia manane ya mahindi Mugumu kuwapelekea ndugu zake Tarime hakulengwa na ushuru ule. Ni wangapi wanaolijua hili? Nilipolitaja mbele ya vijana wanane wa bodaboda, saba walidhani ninatania.

Kwa nini tumefika hapa? Historia inatusaidia. Mwaka 1972 nchi yetu ilifuta serikali za mitaa vijijini, kisha mijini, kwa jina la madaraka mikoani. Miaka kumi baadaye tulizirejesha kwa sheria za mwaka 1982. Mwalimu Nyerere, mwana wa mkoa huu huu, alikiri mwaka 1984 kwamba kuzifuta lilikuwa miongoni mwa makosa yake. Halafu mwaka 2003 Serikali ilifuta kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee wetu waliikimbilia porini walipoona mgambo, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo. Zilipewa jina lililozistahili: kodi za kero. Wananchi walishangilia, nami nilishangilia nikiwa kijana.

Lakini kulikuwa na matokeo ambayo hatukuyaona wakati ule. Halmashauri zilipoteza vyanzo vyao na kuanza kutegemea zaidi ruzuku ya Serikali Kuu. Kila zilipobanwa kuongeza mapato ya ndani, ziligeukia palipobaki, yaani gulio, mnada, stendi na kizuizi. Hata kodi ya majengo, ambayo kwa karibu kila nchi ni chanzo cha asili cha serikali ya mtaa, imehamishwa. Tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, hata mpangaji asiye na tofali lake anaikuta kwenye umeme wake. Kwa hiyo tulizifuta kodi za kero, ila hatukuuondoa ukero. Ukero hautokani na kiasi peke yake. Hutokana na kulipa bila kuona, na kuuliza bila kujibiwa.

Hilo la kujibiwa ndilo kiini cha hoja yangu. Wakurya tunao utaratibu wa kale uitwao iritongo, mkutano wa jamii ambako jambo la wote lilizungumzwa hadharani. Siupambi, ulikuwa mkutano wa wanaume, na mama wa ndizi asingepewa nafasi. Lakini ulikuwa na kanuni moja nzuri: jambo la wote hujibiwa mbele ya wote. Sheria yetu ya leo imeipanua kanuni hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, mwanamke kwa mwanamume, na unapaswa kuitishwa angalau kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Tatizo ni kwamba mahali pengi mkutano huu umekufa, au umegeuka kuwa wa kupokea maagizo. Na wananchi nao tumeuzika kwa kutohudhuria.

Tazama tunachokipoteza. Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiacha vyanzo fungiwa, kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa hesabu hiyo, katika shilingi 500 ya mama yule, shilingi 20 ni ya kikundi cha akina mama, 20 ni ya vijana kama yule mkusanya ushuru, na 10 ni ya ndugu zetu wenye ulemavu. Mama anakichangia kikapu ambacho ana haki ya kukopa kwacho, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kwanza, ushuru wa gulio utozwe mchana, si asubuhi, na mwenye bidhaa ndogo chini ya kiwango kitakachowekwa na sheria ndogo asamehewe. Hoja kwamba watu watatoroka ina jibu: fedha inayopotea kwa mwenye mikungu mitatu yaweza kuwa ndogo kuliko gharama ya kuifuata.

Pili, kila gulio liwe na ubao. Uandikwe kwa chaki: mwezi uliopita zilikusanywa kiasi hiki, zilizotumika hapa ni hizi. Kimashine kinaijua hesabu hiyo tayari. Kinachokosekana ni chaki.

Tatu, sehemu inayojulikana ya ushuru wa gulio ibaki gulioni, kwa choo, taka na kifusi.

Nne, wenyeviti waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024 waitishe mikutano yao kwa ratiba ya sheria, na sisi tuhudhurie. Mwananchi asiyedai risiti wala kwenda mkutanoni anamrahisishia kazi mwizi.

Nakiri kwamba halmashauri isiyo na mapato yake ni ombaomba, na ombaomba hachagui. Sitaki Tarime na Serengeti ziwe hivyo. Kwa sababu hiyo hiyo nataka ushuru uheshimike, na utaheshimika pale atakayeulipa atakapoambiwa umefanya nini.

Kabla sijaondoka gulioni siku ile nilirudi kwa yule mama. Ilikuwa saa nane. Alikuwa ameuza mkungu mmoja na nusu. Nilimweleza habari ya zile shilingi 20 za kikundi cha akina mama. Alinyamaza, kisha akainua kona ya turubai, akaitoa ile risiti iliyokunjamana, akaikunjua vizuri na kuifunga katika fundo la kanga, pale zilipokuwa sarafu.

Akaniuliza mkutano wa kijiji ni lini. Sikuwa na jibu. Nimemwuliza mtendaji wa kijiji chake. Naye ananijulisha kwamba tarehe bado haijapangwa.