Rangi ya breki na vumbi linalobaki uani

Jumamosi asubuhi, gari limenyanyuliwa kwa jeki uani, tairi limelazwa kando, na baba anasugua kalipa ya breki kwa brashi ya waya. Anataka kuipaka rangi nyekundu ing'ae nyuma ya rimu. Hatua tatu nyuma yake, mtoto wa miaka mitatu anachora duara kwa kidole kwenye vumbi jeusi lililodondoka sakafuni.

Kazi yenyewe si mbaya. Tatizo ni hilo vumbi.

Pedi za breki husagika kila gari linapopunguza mwendo. Vumbi lake lina chembechembe za metali, na baadhi ya pedi, hasa za zamani au zisizojulikana zilikotengenezwa, huwa na asbesto. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwamo ya mapafu. Ugonjwa huweza kuchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza, na mtoto wa miaka mitatu ana miaka hiyo yote mbele yake. Kwa macho huwezi kujua pedi ipi inayo na ipi haina.

Kwa hiyo, mzazi, usilipulize vumbi hilo kwa kompresa wala mdomo, na usilifagie kavu. Lilowanishe kwa maji ya sabuni, lipanguse kwa kitambaa, kisha kitambaa kifungwe kwenye mfuko na kutupwa. Barakoa za kitambaa zilizobaki tangu enzi za Korona hazisaidii hapa. Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kumbeba mtoto, zifuliwe peke yake. Hili wengi hulisahau, kwa sababu mtoto humkimbilia baba akiwa bado na ovaroli.

Rangi ya kupuliza na thina vitumike nje, mbali na jiko la mkaa, watoto wakiwa upande mwingine wa nyumba. Petroli ya kusafishia isimiminwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa. Akitapika, petroli inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali na hiyo chupa mkononi.

Kuhusu gari lenyewe: jeki peke yake haitoshi, weka na stendi, maana watoto hupenda kuchungulia chini. Kalipa isiachwe ining'inie kwenye mpira wa breki. Tumia rangi inayostahimili joto, na uzibe vizuri diski, pedi na sehemu zote za mpira. Rangi ikigusa diski au pedi, breki haishiki sawasawa, na Jumatatu watakaoketi kiti cha nyuma kwenda shule ni walewale. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha ujaribu gari taratibu ukiwa peke yako.

Rangi iliyobaki? Kabatini juu, kwenye kufuli. Si chini ya kitanda.